Neno Nililomwambia Shangazi Yako kwa Kifaransa

Shemsa mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi pale mlangoni, kwa sauti ndogo, kila mmoja akitazama pembeni, kwa hiyo sitaanza na salamu. Umekwenda Gihosha kuwaaga wenzako wa shule na umesema utarudi kabla ya magharibi. Mimi nimefunga kazi mapema. Cherehani nimeifunika, nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, na nimechukua daftari lako la zamani ambalo lilikuwa na kurasa zimebaki.

Mambo ya sanduku, chakula, baridi ya ndani ya ndege na mahali pa kuficha pasipoti sitayaandika. Wanawake wa mtaa wamekueleza wiki nzima, hata wale ambao ndege wanaiona ikipita juu tu. Mimi nataka kukueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza zamani. Kwa sababu sikukueleza langu, na wewe hukunieleza lako, tumekaa wiki tatu ndani ya nyumba moja tukipeana chumvi mezani bila neno.

Sitakuficha, nina uchungu. Nataka ujue ulivyoingia.

Siku ile Mama Aline alikuja kujaribu gauni lake. Nilikuwa nimepiga magoti nampimia upindo, pini zimejaa mdomoni. Akaniambia kutoka juu, "Félicitations, Mama Shemsa. Dakar si muchezo. Mutoto wako amekupa heshima." Sikuweza kujibu kwa ajili ya zile pini, na nilizishukuru. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Nikamaliza upindo, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia asante. Kisha nikarudi ndani nikakaa chini sakafuni, pale pale nilipokuwa nimepiga magoti. Mteja alijua mwanangu anakwenda kusomea uuguzi Senegal, na mimi niliyemzaa sikujua.

Uliporudi nikakuuliza, "Jumamosi zote hizi ulikuwa wapi?"

"Kwa Aline. Tulikuwa tunasoma."

"Mama yake alikuwa hapa leo."

Ulikaa kwenye mkeka. Nikakuuliza nani amekusaidia kuandika zile karatasi zote za Kifaransa, na nani amekufundisha kujieleza kwa wale waliokuhoji kwenye simu.

"Shangazi Zubeda," ukasema.

Ungetaja jina lingine lolote la Bujumbura hii ningekasirika kisha nikapoa. Ulitaja hilo. Miezi minane, kila Jumamosi, ulikuwa unapanda basi kwenda Ngagara kukaa na mtu ambaye nilikukataza kukanyaga mlango wake. Na kila Jumamosi jioni nilikuuliza masomo yalikuwaje, ukanijibu, "Ça va, maman," yaani nzuri tu. Nikakupakulia chakula.

Siku ile uliniambia, "Nilijua utakataa. Ukisikia jina lake tu unabadilika, na hujawahi kuniambia alikufanya nini." Hilo la mwisho nimelizungusha kichwani wiki tatu. Ni kweli, sikuwahi kukuambia. Nakuambia leo.

Nilipoolewa na baba yako tulikaa kwa Bibi, mama yake, hapa hapa Buyenzi, ile nyumba ya nyuma ya magereji. Shangazi yako Zubeda, dada wa baba yako, alikuwa msichana bado. Ndiye peke yake katika nyumba ile aliyemaliza shule kwa Kifaransa, na alikuwa sekretari katika ofisi moja mjini. Mimi niliishia darasa la nne. Nilikuwa na Kiswahili changu, Kirundi, na cherehani. Jioni akirudi kazini alivua viatu, akakaa kwenye benchi karibu yangu, tukawa wawili. Nakuambia haki yake: sijawahi kuwa na rafiki kama yule, kabla wala baada.

Kifaransa alianza kunifundisha kwa kucheka. "Wifi, ça va?"

"Ça va."

"Apana, usijibu mbio hivyo. Mi nauliza kweli. Leo unajisikiaje?"

Unajua kwetu mtu akikuuliza habari, jibu liko tayari: nzuri, salama, alhamdulillah. Hata ukiwa na homa, hata ukiwa na msiba ndani, kwanza unasema nzuri, mengine yanafuata kama mtu ana muda. Sikuwahi kuulizwa mara mbili.

Basi akaanza kunipa maneno. Ukiwa nusu nusu, unasema ça peut aller, yaani inaweza kwenda. Ukiwa huna la kufanya, on fait avec, tunaishi nayo hivyo hivyo. Ukichoka kabisa, je suis crevée. Hilo nililicheka sana, kwa sababu ni neno lile lile mafundi wa Buyenzi wanalosema kwa tairi iliyotoboka. J'ai le cœur gros nililikosea mwanzoni, nikafikiri ni sifa. Kwetu mtu mwenye moyo mkubwa ni mkarimu, au shujaa. Kwao ni mtu ambaye moyo umemjaa, anakaribia kulia. Na j'ai le cafard, nina mende. Zubeda alisema ni ile huzuni ambayo haina sababu, inatembea tu ndani yako. Nilimwambia wale watu wana akili, maana huzuni hiyo naijua na sikujua kama ina jina.

Nilipenda yale maneno, Shemsa. Jambo ambalo nisingelitamka kwa Kiswahili, kwa Kifaransa lilitoka bila kunichoma mdomo. Tena Bibi yako alikuwa karibu nasi, na Kifaransa hakujua.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Tulimsema mbele yake. Si kwa ubaya kila mara, lakini tulikuwa tunazungumza na kucheka naye amekaa pale anachambua mchele. Yule mama hakuwa mjinga. Siku zote zile alisikia jina la mwanawe likitajwa katikati ya maneno asiyoyajua, kisha kicheko.

Wewe ulikuwa na miaka saba wakati baba yako alipopata kazi Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kutengeneza malori. Alikaa miezi saba. Ijumaa baada ya sala alipiga simu, na simu ilikuwa moja, sebuleni, watu wote wamekaa. Ilinifikia baada ya Bibi.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna. Mtoto mzima."

Kisha namrudishia Bibi. Ningemwambiaje mume wangu mbele ya mama yake kwamba nikisikia mlango wa nje najikuta nimesimama? Nilikwenda kwenye cherehani nikamwambia Zubeda. Nikamuuliza, mtu ambaye hayupo na unamhitaji, kwa Kifaransa unasemaje?

Akaniambia, "Il me manque." Akanieleza vizuri, kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri: "Kwao inageuka. Si wewe unayefanya kitu. Ni yeye anayekosekana kwako. Maana yake una hamu naye mpaka unajiona hujakamilika." Nililisema hilo neno siku nyingi. Wakati mwingine Zubeda alipoingia tu, kabla hajavua viatu, namwambia, "Il me manque," naye ananishika bega.

Baba yako alirudi. Siku ya tatu Bibi aliita kikao. Walikuja ami zake wawili, wakakaa kwenye viti, sisi wanawake kwenye mkeka. Bibi alisema taratibu, bila kupandisha sauti: "Miezi saba hawa wawili wamezungumza ndani ya nyumba yangu lugha ya kunificha. Mi ni mama wa nyumba hii. Nataka Zubeda aseme, huyu muke alikuwa anasema nini juu ya mwanangu."

Mimi sikuogopa. Nilimtazama Zubeda nikijua yuko upande wangu.

Zubeda akasema, "Alisema amechoka."

"Na nini tena?"

"Alisema amefika mwisho."

Hayo niliyasema kweli, siku wewe ulipougua surua na sikulala. Bibi akauliza, "Na juu ya Hamadi mwenyewe?"

Zubeda alitazama mikono yake. Akasema, "Alisema Hamadi anampungukia."

Ami mmoja alikohoa. Wewe ni mtu mzima sasa, utaelewa neno hilo linavyosikika mbele ya wazee wa kiume: mke anasema mumewe ni pungufu. Hakuna mwanaume anayenyanyuka kwenye neno hilo akiwa yule yule. Baba yako alinigeukia, na uso wake nauona mpaka leo.

"Mama Shemsa, umesema hivyo?"

"Nilisema, lakini..."

"Lakini nini?"

Na mimi, mwanangu, nilinyamaza. Neno nilikuwa nimelisema kweli, kwa mdomo wangu, mara nyingi. Kifaransa nilipewa na Zubeda. Ikiwa yeye msomi anasema maana yake ni hiyo, nikafikiri labda ndiyo hiyo, labda mimi ndiye niliyeelewa vibaya miezi saba yote. Nilimtazama anisaidie kumaliza ile "lakini." Hakuinua macho. Kisha kiburi kikanishika. Nikajiambia, kama Hamadi ananijua, atajua. Hakujua. Angejuaje, wakati kila Ijumaa nilimwambia nzuri tu? Wiki ile ile akanipa talaka, akarudi Kalemie, na maisha yake yako huko, na mke, na watoto unaowaona kwenye simu.

Nilihamia chumba hiki na wewe na cherehani. Zubeda baadaye alihamia Ngagara. Alileta nguo zako za sikukuu mara mbili, nikazirudisha.

Kulipita miaka mitatu. Siku moja alikuja mteja, mama Mkongomani aliyekimbia kutoka Kivu, mume wake alibaki kule. Nilimuuliza habari kama ninavyouliza kila mtu. Akasema, "Mon mari me manque," na machozi yakaanguka juu ya kitambaa alichokuwa ameshika. Niliacha mkasi. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili alichosema. Akanishangaa. Akasema, "Mama, ni kusema nina hamu naye. Ni neno la mapenzi. Hakuna ubaya."

Kwa hiyo nilikuwa nimeelewa sawa tangu mwanzo, na aliyenifundisha alijua. Toka siku hiyo nikakukataza shangazi yako. Sikukueleza kwa nini, maana kueleza kungenilazimu kukuambia nilimpenda baba yako, na nilikuwa nimeshazoea ufikiri sikumjali.

Kosa langu la mwisho unalikumbuka mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulitoka shule, ukatupa mkoba, ukasema, "Maman, j'ai le cafard." Nilikupiga kofi. Nikakuambia lugha ile isiingie nyumbani mwangu kwa mambo ya moyo, ibaki kwenye madaftari. Ulinitazama hukuelewa. Sikukuuliza una nini. Mpaka leo sijui siku ile ulikuwa na nini. Tangu hapo nikikuuliza ukoje unasema ça va, haraka, kama ninavyosema mimi nzuri. Nimekulaumu kwa kunidanganya Jumamosi zote zile, na nakulaumu bado. Lakini kofi lile nimelihesabu pia.

Sasa nikueleze nilipokuwa leo mchana, maana nilikuambia nakwenda kununua uzi.

Nilikwenda Ngagara. Nilipanda basi, nikauliza nyumba, nikabisha. Alifungua mwenyewe. Amevaa miwani sasa, nywele zimeanza kuwa nyeupe mbele. Alishtuka, kisha mazoea yakamtangulia, akasema, "Wifi. Ça va?"

Nikamwambia, "Apana. Je t'en veux."

Hilo nalo alinifundisha yeye. Unamwambia mtu ambaye bado una jambo naye, hujamsamehe. Akasema, "Je sais. Najua." Akasogea nipite.

Meza yake ilikuwa imejaa karatasi zako, zimepangwa, kila moja na nakala. Kwenye kiti kulikuwa na kitenge chako cha kijani ambacho uliniambia umekipoteza. Niliona ulipokuwa unakaa. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Alileta chai, sikuigusa.

Nikamuuliza, "Siku ile ya kikao, ulikosea au ulijua?"

Alivua miwani. "Nilijua."

"Kwa nini, Zubeda?"

"Mama alinitazama. Nilijua anataka kusikia nini. Angeona nimekuwa upande wako, ningetoka mimi na wewe pamoja, na mi sikuwa na pa kwenda." Kisha akasema tena, polepole, "Na siku nyingine nafikiri ilikuwa wivu. Mi sijawahi kumwambia mutu neno lile."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeyabeba matusi miaka kumi na miwili, mengine mazuri sana, lakini sikupata hata moja. Nilimwambia tu, "Ulinichukulia mume, na sasa mtoto."

"Mutoto alikuja mwenyewe," akasema. "Alikuja kuniuliza nilikukosea nini. Sikuwa na uso wa kumwambia. Nikamwambia, leta zile karatasi, tuanze na karatasi."

Hilo hukuniambia, Shemsa. Kwamba ulikwenda kwanza kwa ajili yangu.

Nilisimama niondoke. Akasema, "Kaa kidogo." Akachukua simu akampigia baba yako Kalemie, akaiweka mezani ili nisikie. Sikumwomba afanye hivyo. Alimwambia, "Kaka, kuna neno nililitafsiri vibaya mbele yako, na nilifanya makusudi." Akamweleza yote, hakujitetea.

Baba yako akauliza, "Zaina yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mama Shemsa. Basi ulikuwa unasema nini?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya shangazi yako, bila kuficha sauti: "Nilikuwa nasema nina hamu na wewe, Hamadi. Kila siku, miezi saba."

Nilisikia malori nyuma yake, na mtu akimwita. Akasema, "Mimi niliondoka nikijua sitoshi. Nimeishi na hilo." Halafu akasema, "Asante kunieleza." Akakata.

Hakuna kilichorudi. Ana nyumba yake, nami nina yangu, na simtaki tena, nakuambia ukweli. Lakini miaka kumi na miwili nilijua mimi ndiye niliyeumizwa. Sikuwahi kufikiria kwamba na yeye alibeba neno ambalo halikuwa lake.

Shangazi yako sijamsamehe. Nilimwambia hivyo pale mlangoni, akasema anaelewa. Pengine itakuja, pengine haitakuja. Na wewe pia bado nina jambo na wewe. Kama ningekuficha hilo nikakuaga kwa kicheko, ungekwenda Dakar na mama wa uongo.

Huko watakuuliza ça va mara ishirini kwa siku, na utajibu ça va, kwa kuwa ndiyo adabu. Sikukatazi. Ninalokuomba ni dogo. Neno la moyo, mpelekee mwenyewe linayemhusu, hata ukiwa na hofu, hata kama watu wamekaa sebuleni wanasikiliza. Mimi nililikabidhi kwa mtu mwingine alipeleke.

Na siku ya mende, ile siku ulipokuwa na miaka kumi na minne, nataka uniambie ulikuwa na nini. Sio lazima leo. Lugha chagua wewe. Mkono wangu nitaukalia.

Taksi inakuja kesho saa nne asubuhi. Nimemwambia dereva apite kwanza Ngagara, amchukue shangazi yako, maana amefanya kazi ya kukufikisha hapo na ana haki ya kukuona ukiondoka. Atakaa mbele na dereva. Nyuma ni mimi na wewe.

Mama yako,
Zaina